Matanga ya Cynthia

Jumamosi, 1 Novemba

Leo nimehamia kwa mke mwenza. Nimekuja na begi moja, jiko dogo la gesi, leso zangu na daftari hili, naye kanipokea bila neno, akatikisika kidogo tu nilipomkanyaga.

Jina lake Cynthia. Ni mashua ya matanga mawili, mlingoti mmoja, na chumba kimoja cha chini ambacho ukiingia umesimama wima unatoka na nundu. Mzungu aliyekuwa naye alichoka na bahari akarudi kwao, akamwachia mume wangu Odera mashua ikiwa imetoboka na kujaa kaa. Odera ni fundi wa mashua. Wengine waliona takataka, yeye akaona kazi, na kazi yenyewe imemchukua miaka minne. Jina lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi ya buluu na hakutaka kulifuta. Ndiyo sababu namwita mke mwenza. Miaka yote hiyo majirani wa Mnarani wakiniuliza, "Mwalimu, mzee yuko wapi?" jibu langu lilikuwa moja: "Yuko kwa Cynthia."

Sasa shule zimefungwa, mwenye nyumba wetu anabadilisha paa, na Odera mwenyewe ndiye aliyesema: "Mwalimu, likizo hii tukae majini. Tusafiri kidogo." Aliposema kusafiri alitaja Lamu. Naandika hapa asije akakana. Alitaja Lamu.

Jumatatu, 3 Novemba

Cynthia amefungwa kwenye boya ndani ya hori ya Kilifi, mkono wa bahari ulioingia bara. Maji yakijaa anageuka kutazama daraja, na nyuma ya daraja iko bahari kuu. Maji yakitoka anageuka kutazama mikoko. Hiyo ndiyo safari yetu ya leo, kwenda na kurudi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeuliza Lamu lini. Odera anasema bado kidogo, kuna kamba anataka kuibadilisha.

Jumapili, 9 Novemba

Nisiwe mtovu wa shukrani. Maisha haya ni matamu. Asubuhi Odera huenda nchi kavu na kidau, akarudi na mahamri na mbaazi zikiwa bado moto. Nikiona joto najitupa majini na dera langu. Mchana tunalala chini ya turubai, jioni yeye anasikiliza mpira redioni, mimi nakaanga samaki. Tangu Oktoba sijampigia kelele mtoto wa mtu.

Lakini kadiri raha inavyozidi ndivyo nyayo zinavyoniwasha. Mwaka wa tisa huu nachora pwani ubaoni, nawaonyesha watoto kwa fimbo: Malindi, Lamu, Kiunga. Nilikofika mimi ni Malindi, tena sokoni. Odera ana furaha ya mtu aliyekwisha fika. Mimi sijaondoka bado.

Alhamisi, 13 Novemba

Kidau chetu kina tanga dogo, na Odera ameanza kunifundisha. Leo upepo ulitujia usoni. Akaniambia huwezi kumwendea upepo moja kwa moja: unakwenda upande huu, unageuza, unakwenda upande ule, unageuza tena, hivyo hivyo mpaka unafika. Wenyewe wanaita kubisha.

"Kubisha?" nikauliza.

"Kubisha. Hapo sina la kukufundisha," akasema, akajilaza ndani ya kidau akafunika uso kwa kofia.

Nimebisha mpaka chini ya daraja na kurudi. Nimefurahi mno. Mikono inauma.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Bado kidogo: sasa ni rangi ya chini.

Jumapili, 16 Novemba

Nimempigia mama simu, Matsangoni. Akaniuliza nimehamia wapi. Nikamwambia, "Nimehamia kwa mke mwenza, mama. Cynthia. Twaishi naye nyumba moja."

Mama akauliza, "Nyumba moja?"

"Chumba kimoja, mama. Ndiye anayetulaza."

"Na mumeo?"

"Mume wangu usiku na mchana yuko naye. Mara ampake mafuta, mara amsugue mgongo."

Kisha mama kasema kwa sauti ya chini, "Vumilia, mwanangu. Nakuombea." Nilicheka hadi chozi likanitoka. Sikujua mama anaweza utani wa namna hii.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua kutwa. Sola haishiki jua, simu imezimika. Bado kidogo.

Jumapili, 23 Novemba

Leo Cynthia ameletewa posa.

Mposaji ni Bwana Gerishom, meneja wa hoteli mpya inayojengwa ufuoni. Mtu mpole, kaja na viatu vyeusi vinavyong'aa, akavivua kabla ya kupanda, hapo nikampenda. Lakini maneno yake! "Fundi, hii boti tutaivuta mpaka juu kwa mchanga. Hapa tunakata dirisha kubwa, hapa tunaweka friji. Vijana wanauza juisi, watoto wanacheza ndani. Itakuwa na kazi, si kukaa tu hapa ikizunguka."

Nikamtazama Odera nikingoja amrushe majini. Odera akauliza friji ya ukubwa gani.

Bwana Gerishom atapiga simu tarehe tatu Januari apate jibu. Alipokwisha kuondoka nikamwambia Odera, "Miaka minne umetengeneza kibanda cha sharubati?"

"Angekuwa anatunzwa, Mwalimu. Chini ya kivuli."

"Odera, nina mguu mmoja nje ya daraja na wewe waniletea habari za friji!"

Akaenda kusugua shaba. Akikosa jibu husugua shaba. Nami nimekasirika, si kwa ajili ya Lamu tu. Mashua iliyotengenezwa kwa upendo ule ikikatwa dirisha kabla haijaonja bahari hata mara moja, mimi sitapita ufuo huo tena. Nimejiapia: kabla ya tarehe tatu Cynthia atatoka nje ya mlango wa hori. Lamu si lazima. Nje tu.

Jumanne, 25 Novemba

Bado kidogo. Kuna boliti.

Jumamosi, 6 Desemba

Vuli imekwisha. Kaskazi imeingia, anga limefunguka, jua linachoma mabega. Mashua ya wazee wawili waliokuwa jirani zetu, bibi ana kofia kubwa na bwana hasikii vizuri, imeng'oa nanga leo asubuhi. Bibi alinipungia mkono mpaka wakapita chini ya daraja. Nilibaki na kitambaa cha vyombo mkononi, na wivu sikuuficha. Odera naye aliwatazama, lakini aliangalia chini, pale ubao unapokutana na maji, kama daktari anayetazama mgonjwa wa daktari mwingine.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Watu wamejaa ufuoni, muziki kila upande. Tumezunguka boya letu.

Alhamisi, 18 Desemba

Leo yametokea mawili, na la pili ndilo kubwa.

Matanga yalikuwa yananuka ukungu wa mvua ya Novemba. Nikasema yapandishwe yapigwe na jua, tukiwa palepale kwenye boya. Odera akakubali shingo upande. Yalipofunguka, meupe, marefu, nikaona Cynthia anatetemeka mzima kama anataka kukata kamba. Nikapiga vigelegele peke yangu. Kisha upepo ukaja ghafla kutoka upande wa mjini, likasikika rrraa! Tanga la mbele limechanika kutoka ukingo hadi katikati, na la nyuma limeachia mshono.

Hilo la kwanza. La pili ni hili: nilimtazama Odera usoni, naye akasema, "Yaa, pole," kwa sauti ya mtu aliyepewa ruhusa. Mabega yakamshuka. Nimemwona. Alifurahi.

Mwezi mzima nimemwona mvivu. Si mvivu. Mume wangu anaogopa. Mtu wa Rusinga aliyekulia ziwani, anayeogelea kuliko kambare! Nimekaa nalo jambo hili tangu jioni na sijui nimwambieje. Lakini sindano ya matanga ipo, uzi wa nta upo, na mimi nilifundishwa kushona na mama yangu. Kesho naanza.

Ijumaa, 19 Desemba

Nashona.

Jumamosi, 20 Desemba

Nashona. Kidole gumba kimetoboka.

Jumapili, 21 Desemba

Mawingu tena, simu karibu izime. Nyumbani wananingoja Krismasi na sitaweza. Nimemtumia ujumbe kaka yangu Kitsao, aliye shambani Magarini, maana mama hasomi simu: "Mwambie mama Krismasi siji. Tuna matanga ya Cynthia. Simu haina chaji." Ukaenda, simu ikazima.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi njema kwangu. Pilau ya kuku, soda mbili zilizopozwa majini kwa kamba. Saa tisa nilifunga fundo la mwisho. Odera alivuta mshono wangu kwa mikono miwili, akavuta tena, akasema, "Huu hauachii." Kisha akasema labda tuongeze kiraka. Nikamwambia kiraka kiko kichwani mwake.

Ijumaa, 26 Desemba

Sijui nianzie wapi. Mbavu zinaniuma, na si kwa kushona.

Asubuhi Odera alikuwa karakanani kwake ufuoni, mimi nakunja matanga. Nikasikia mtu analia. Si kulia hivi hivi, kilio cha msiba, kile cha kutoka tumboni. Nikainua kichwa. Pale mchangani amesimama mwanamke mwenye leso kiunoni, kuku wawili mkono mmoja, furushi kichwani, na kilio kile nakijua tangu nizaliwe. Mama yangu.

Nikajua ni Kitsao. Sikufikiri lingine. Nikaruka kwenye kidau, nikapiga kasia kama niliyerukwa na akili, na nilipogusa mchanga nilikuwa nami nalia. "Uwi, mama! Kitsao!" Mama naye, "Uwi, mwanangu!" Tukakumbatiana, kuku katikati, tukalia wote wawili mbele ya mafundi na waosha mashua, kila mmoja akimlilia maiti wa mwenzake. Mafundi wakavua kofia.

Mpaka mama akafuta pua akauliza, "Alikufa lini?"

"Nani?"

"Nani tena! Cynthia."

Nikamtazama. "Kitsao yuko wapi?"

"Kitsao yuko Magarini, ndiye alinisomea ujumbe kwa simu. Mna matanga ya Cynthia. Simu yako nikapiga, haishiki. Nikasema, mke mwenza ni mke mwenza, lakini mkwe wangu kafiwa na mwanangu yuko ndani ya nyumba ya msiba peke yake. Nikaondoka." Akashusha sauti. "Na Mungu anisamehe, Kahonzi. Nilipoambiwa amekufa nilicheka kwanza, ndipo nikalia."

Hapo nikaelewa yote, pamoja na ile simu ya Novemba. Hakuwa akitania. Mwezi na zaidi mama yangu mzazi amekuwa akipiga magoti kuniombea, akiamini nalala chumba kimoja na mume wangu na mwanamke wa pili anayesuguliwa mgongo. Nikaketi mchangani.

"Mama," nikasema, "Cynthia ndiye yule." Nikamwonyesha kwa kidole. "Na matanga yake ndiyo yale meupe."

Mama akatazama. Akatazama tena. Akasoma jina lile la buluu polepole, herufi kwa herufi, maana herufi kubwa anazijua. Nilidhani atanizaba kofi. Akawatazama kuku wake, akalitazama furushi la unga, akasema, "Kijiji kizima kimechanga." Kisha kicheko kikampata, akacheka mpaka akafunguka leso, na mafundi, waliokuwa wameshika kofia mikononi, wakacheka bila kujua wanacheka nini. Odera akatokeza mlangoni pa karakana na msumeno, akamwona mama mkwe, akarudi ndani haraka kuvaa shati.

Jumamosi, 27 Desemba

Mama hawezi kurudi. Aliondoka kwenda matangani, na mtu hatoki matangani siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, wanawake waliochanga wanangoja awaletee habari ya mazishi. "Nitawaambia nini, Kahonzi? Kwamba nililia kilio kikubwa kwa ajili ya ubao?"

Kwa hiyo analala kwetu. Lakini kwetu ni chumba kimoja, na mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe, wala kwa Wagiriama wala kwa kina Odera, kwao ndiyo zaidi. Odera amehamishiwa karakanani. Anatuletea mahamri kwa kidau, anayainua juu bila kutazama, mama anayapokea akitazama mikoko.

Jumapili, 28 Desemba

Mama amezaliwa mahali anapoisikia bahari ikinguruma, amelima mahindi na mihogo maisha yake yote, na leo kaniambia hajawahi kuingia maji yaliyopita magoti. Nilidhani ataogopa. Anazunguka Cynthia mzima, anagusa kila kamba, anauliza hii ya nini. Nimemwonyesha mshono wangu. Akaupitishia kidole hadi mwisho, akasema, "Mkono wangu huu." Nilijisikia vizuri kuliko siku niliyopata cheti cha ualimu.

Jumatatu, 29 Desemba

Mama ameitisha kikao. Yeye sitahani amegeuza mgongo, Odera ndani ya kidau akishika ukingo wa Cynthia kwa mkono, mimi katikati. Mama mkwe hasemi na mkwe ana kwa ana juu ya jambo zito, kwa hiyo akasema nami, na Odera hatua mbili kutoka hapo akisikia kila neno.

"Mwambie mtsedza wangu nimeambiwa mke huyu anataka kuozwa kwenye hoteli."

"Odera, mama anasema mkwe wake..."

"Nimesikia," akasema Odera.

"Mwambie sijui mambo ya mashua. Nimekuja kwenye msiba nikakuta hakuna maiti, namshukuru Mungu. Lakini siku tatu nimekaa humu, na aliye hai pia sijamwona. Mwambie mimi nataka kurudi kwangu. Nauli ninayo, lakini sitapanda gari. Matanga haya ndiyo yaliyoniita, basi ndiyo yatakayonirudisha. Anishushe ufuoni Uyombo, pale nyumbani ni karibu."

Nikafungua mdomo kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Odera alikuwa anatazama maji. Nikajua anatafuta shaba ya kusugua, na ndani ya kidau hakuna shaba.

"Mwambie mama," akasema mwisho, "nimesikia."

Jumanne, 30 Desemba

Nilimfuata karakanani. Nikamwambia nilimwona siku ile tanga lilipochanika. Hakukasirika. Akaendelea kunoa randa, akasema:

"Humu horini kila mtu anasema Odera ni fundi. Wananisalimia fundi, watoto wananiita fundi. Wewe unajua nilianza na nini, Kahonzi? Ubao mmoja kati ya mitatu ulikuwa umeoza. Nimeunga kila mahali kwa mikono hii. Hapa maji ni mapole, hayaniulizi kitu. Nje pale yatauliza. Na wewe utakuwa ndani."

Ananiita Kahonzi mara chache sana. Nikakaa juu ya magogo yake. Nikamwambia mimi nimelala ndani ya kazi yake miezi miwili na sijaamka hata mara moja na unyevu kwenye shuka. Nikamwambia pia, maana siwezi kuacha, kwamba friji nayo itamjaza Cynthia maji.

Akacheka. "Ijumaa," akasema. "Maji yakitoka asubuhi."

Hakusema bado kidogo.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya. Tumejaza maji ya kunywa, mafuta ya injini, jaketi za kuokolea tatu. Mama amevaa yake tangu asubuhi na hataki kuivua.

Ijumaa, 2 Januari

Naandika haya nikiwa Matsangoni, kwa mama, midomo ina chumvi.

Tulifungua kamba ya boya kukipambazuka. Miezi miwili nimekunywa chai nikiitazama kamba ile. Injini ikatupitisha chini ya daraja, na maji yaliyokuwa yakitoka yakatusukuma mpaka mlangoni, pale hori inapofunguka na mawimbi yanavunjika mwambani kushoto na kulia. Mama alikaa nyuma, ametazama tulikotoka, leso usoni, ili mkwe wake afanye kazi kwa uhuru. Odera alishika usukani. Mimi nikapandisha matanga. Yakajaa. Odera akazima injini, na Cynthia akainama ubavu, akaondoka.

Sikupiga vigelegele. Niliogopa, na ilikuwa hofu tamu ya kunyanyua nywele. Wimbi la kwanza la bahari kuu lilitubeba juu, likatushusha, na kila kitu jikoni kikaanguka.

Kaskazi ilikuwa usoni kwetu kabisa. Kwenda Uyombo ni kubisha, nami kubisha nakujua. Tukaenda nje mpaka nyumba za ufuoni zikawa ndogo, tukageuza, tukarudi ndani, tukageuza. Mara ya tatu Odera akaniangalia, uso wake umekuwa wa kijivu. "Shika," akasema, akainamisha kichwa nje na kutoa mahamri yote ya asubuhi. Mtu wa ziwani! Mawimbi ya ziwa ni mafupi, hakuna aliyemwambia kuwa haya ni marefu.

Nikashika usukani. Ulikuwa mzito, hai, unanivuta bega. Odera alikaa chini, ameshika tumbo, na kila ubao ulipolia alishtuka. Ukalia mmoja kwa nguvu, kruu, chini ya miguu yetu. Akasema, "Geuza. Turudi. Mwalimu, turudi."

Ningeweza kubisha. Nilitazama nyuma nikauona mlango wa hori bado uko karibu. Nikamwambia, "Nenda chini uangalie. Kukiwa na maji, nageuza sasa hivi, na Bwana Gerishom tumpe. Nenda."

Akateremka kwa magoti. Nikasikia anafungua mbao za sakafuni, moja, nyingine. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili na namwomba Mungu. Alikaa sana. Akatapika mara moja, ndani ya ndoo nadhani. Kisha nikasikia sauti yake.

"Pakavu."

"Sema!"

"Pakavu! Kahonzi, pakavu kabisa! Kuna vumbi! Kuna vumbi la randa yangu humu!"

Akatokeza kichwa, macho yamejaa machozi, mdomo mchafu, mkono ameunyoosha kunionyesha vumbi kwenye kiganja, na upepo ukalipeperusha. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mwanamume yule wakati ule. Kutoka nyuma, bila kugeuka, mama akasema chini ya leso, "Mwambie nimesikia."

"Tunarudi?" nikauliza.

"Unarudi wapi? Mama yuko njiani kwenda kwake."

Tukabisha kutwa nzima. Mshono wangu haukuachia. Mama alichoka kutazama nyuma, akageuka, akasema adabu itangoja nchi kavu, akatazama mbele muda wote uliobaki, leso ikimpepea kichwani. Odera alitapika mara nyingine na nyingine, na kila akimaliza aliteremka kuangalia vumbi lake. Jua lilipolegea tukatia nanga mbele ya Uyombo, na wavuvi wawili wakambeba mama kuelekea mchangani. Maji yalipowafika magotini, akawaambia wamshushe, akatembea mwenyewe.

Jumamosi, 3 Januari

Bwana Gerishom amepiga simu kama alivyoahidi. Yuko ufuoni Kilifi, anatazama boya tupu. Odera alikuwa kwenye kiti chini ya ukuta wa jikoni, bado anayumba kidogo, uji mkononi. Sauti ilisikika mpaka kwangu: "Fundi, boti iko wapi?"

"Cynthia amekwenda ukweni," akasema Odera.

"Atarudi lini? Nimekuja na watu wa kupima."

"Atarudi. Lakini posa imekataliwa, Bwana Gerishom. Huyu ana mume." Akakata simu, akanitazama, akasema, "Lamu, nadhani Aprili, shule zikifungwa." Nikaenda kuchukua daftari hili nikaandika hapo hapo mbele yake: Aprili, Lamu. Kesho tunarudi Kilifi upepo ukiwa mgongoni, Jumatatu nina darasa.

Mchana wanawake waliochanga wakaingia uani mmoja mmoja, leso zimefungwa vizuri, nyuso za huzuni. Wakampa mama mkono. "Pole, Mama Kitsao. Pole kwa safari." Wakaketi. Nikaona mama anaupanga uso wake. Mmoja akauliza kwa upole, "Na matanga yalikuwaje?"

"Makubwa," mama akasema. "Meupe. Hata mimi sijapata kuona matanga kama yale."

Wakatikisa vichwa. "Na marehemu? Wamemweka wapi?"

Mama akanyoosha mkono kuelekea baharini, kwa Uyombo.

"Yuko pale, anapumzika," akasema. "Ndiye aliyenileta nyumbani."